Alizaliwa Makueni Gani?

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na vijana waliokutana Mbumbuni kujifunza kuandika historia za familia zao.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu: jinsi ya kuandika majina ya mahali tunapoweka historia ya ukoo katika kompyuta. Najua kuna wanaojiuliza, hilo nalo ni jambo la kukalia asubuhi nzima? Si mahali ni mahali tu, na Mbumbuni ni Mbumbuni? Mnivumilie. Mimi pia niliwaza hivyo hivyo mpaka siku nilipompoteza mtu.

JINSI NILIVYOMPOTEZA MTU

Miaka michache iliyopita familia moja ya upande huu wa Kisau iliniomba msaada. Mzee wao alifariki miaka ya 1990, na mashamba yalikuwa bado katika jina lake. Alikuwa na nyumba mbili. Mke wa kwanza alibaki hapa Kisau. Mke wa pili alihamia naye Makueni, wakati ule baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipofyeka msitu wenye mbung'o kule chini na kuwapeleka watu kutoka sehemu za Machakos zilizokuwa zimejaa. Wazee mliopo hapa mnakumbuka, hakuna ukoo ambao haukupeleka mtu huko.

Wajukuu walio Nairobi walikuwa wameandika majina ya ukoo kwenye daftari, wakaniletea niyaingize katika kompyuta. Watoto wote walipangwa chini ya baba yao, majina ya akina mama hayakuwa yameandikwa bado. Na mahali pa kuzaliwa daftari lilisema neno moja kila mstari: Makueni. Mimi nikaingiza Makueni, Makueni, Makueni, mtu baada ya mtu, nikifurahi kwamba kazi inakwenda mbio.

Sasa, mnajua desturi yetu ya majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa mume, na kila nyumba hufanya hivyo. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na wana wawili wenye jina moja, mmoja kila nyumba. Wote wawili waliandikwa hivi: alizaliwa karibu mwaka 1950, Makueni. Na programu hizi za ukoo zina njia ya kutafuta watu walioandikwa mara mbili kwa makosa. Ikaniletea hawa wawili na kuniuliza kama ni mtu mmoja. Nikatazama: jina lile lile, baba yule yule, mwaka ule ule, mahali pale pale. Nikakubali. Watu wawili wakawa mmoja.

Orodha ikachapishwa, ikapelekwa katika mkutano wa familia ili watu waisikie kabla ya kwenda kuomba barua ya chifu. Ikasomwa kwa sauti mpaka mwisho. Ndipo mama mmoja wa nyumba ya kwanza, mjane, akasimama polepole. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na baba ya watoto wangu umemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Wengine walianza kunong'ona kwamba nimenunuliwa na nyumba ya pili, na siwalaumu hata kidogo. Sheria yetu ya urithi, katika kifungu cha 40, inasema kwamba mali ya mtu aliyeacha wake zaidi ya mmoja hugawanywa kati ya nyumba kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huongezwa katika hesabu hiyo. Ukimwondoa mtoto mmoja, umepunguza fungu la nyumba nzima. Na watoto wa yule marehemu, ambao wangesimama mahali pa baba yao, wangebaki wakitazama.

Yule mama alikuwa amekuja na kadi ya ubatizo ya mumewe, imefungwa katika karatasi ya nailoni. Mahali pa kuzaliwa paliandikwa Kisau. Neno hilo moja ndilo lililomrudisha mtu wake. Mkutano uliahirishwa, nami nikarudia kazi yote kutoka mwanzo, nikiuliza kwa kila mtu: alizaliwa Makueni gani?

MAKUENI NI NYINGI

Tuhesabu pamoja. Kuna Makueni ile ya watu waliohamishwa. Kuna Makueni ya wilaya, ambayo ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kuna Makueni ya kaunti, iliyoanza kazi mwaka 2013 kwa sababu ya katiba ya mwaka 2010. Tena kuna eneo la bunge la Makueni, ambalo sisi wa Mbooni hatumo. Wale wajukuu wa Nairobi hawakudanganya. Kwa nyumba ya pili walimaanisha Makueni ya kuhamia, na kwa nyumba ya kwanza walimaanisha kaunti. Neno lilikuwa moja, mahali palikuwa pawili.

Machakos nayo ni vile vile. Ni mji, ilikuwa wilaya kubwa iliyotuchukua sisi sote, na leo ni kaunti jirani. Kwa upande wa Kanisa, jimbo la Machakos lilianzishwa mwaka 1969, na mwaka 2023 jimbo la Wote likazaliwa kutoka kwake. Mtu aliyebatizwa hapa mwaka 1980 alibatizwa katika jimbo la Machakos. Leo akitaka barua ya kufunga ndoa, atashughulikiwa katika jimbo la Wote. Hajahama hata hatua moja, lakini karatasi zake zimehama. Na jina lenyewe la Machakos ni jina la mzee Masaku lililoandikwa kama sikio la Mzungu lilivyolisikia.

Halafu kuna majina yanayofanana. Sisi ni Mbumbuni. Kule Machakos mjini kuna Mumbuni. Herufi moja tu, na mtu wako amevuka kaunti. Kuna Mutitu ya Kitui, na kuna Mtito Andei iliyo barabara ya Mombasa. Ukiandika "Mutito" peke yake, mjukuu wako atashika njia gani? Kuna mto Athi, na kuna mji uitwao Athi River. Mzee akisema "nilizaliwa Athi", muulize kama ni mtoni au ni mjini.

KANISA LILIJUA MAPEMA

Tusidhani shida hii imekuja na kompyuta. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 19, imetajwa Bethlehemu moja iliyo katika nchi ya kabila la Zabuloni, upande wa kaskazini. Ndiyo sababu Mwinjili Mathayo hakutosheka kusema Bethlehemu tu. Alitaja kwamba ni ile ya Uyahudi, na nabii Mika kabla yake alitaja Efrata. Angesema Bethlehemu tu, msomaji wa mbali angeweza kwenda njia nyingine.

Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba maparoko waweke kitabu cha ndoa. Leo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inamtaka paroko aandike katika kitabu cha ubatizo mahali na tarehe ya ubatizo, na tena tarehe na mahali pa kuzaliwa. Mnaona? Mahali pawili, si pamoja. Na kanuni ya 535 inaagiza kwamba kipaimara na ndoa ziandikwe pia katika kitabu hicho cha ubatizo. Kwa hiyo makatekista wangu, kitabu kile mnachokibeba ni msingi wa historia ya ukoo kuliko programu yoyote. Mkiandika ovyo ndani yake, kompyuta itahifadhi uovyo huo kwa usafi sana.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

Nimejifunza haya kwa aibu, nanyi mjifunze bila aibu.

Kwanza, anza na padogo uende pakubwa, na ufuate ngazi zile zile kila mara. Kijiji au soko, kisha lokesheni, kisha wilaya au kaunti, kisha nchi, na katikati weka koma. Kwa mfano: Mbumbuni, Kisau, Makueni, Kenya. Programu nyingi husoma hivyo, na faili za GEDCOM, ambazo tangu miaka ya 1980 hutumiwa kuhamisha habari za ukoo kutoka programu moja hadi nyingine, hupanga mahali hivyo hivyo, kutoka padogo hadi pakubwa. Kama ngazi moja huijui, acha nafasi yake wazi. Usijaze kwa kubahatisha, kwa maana nafasi wazi inaomba kuulizwa, lakini jibu la uongo halimwulizi mtu.

Pili, andika mahali kama palivyokuwa siku ile ya tukio. Mtoto aliyezaliwa Kisau mwaka 1950 alizaliwa Kisau, Machakos, Koloni ya Kenya. Aliyezaliwa pale pale mwaka 1970 alizaliwa Kisau, Machakos, Kenya. Wa mwaka 1995 alizaliwa Kisau, Makueni, Kenya. Kijana mmoja aliniuliza, "Si hiyo itachanganya watu? Kwa nini tusiandike kaunti ya leo kwa wote?" Swali ni zuri. Sababu ni hii: anayetafuta karatasi za mwaka 1950 atazipata zimeandikwa Machakos. Ukimwandikia Makueni, umemtuma ofisi ambayo siku hizo haikuwepo.

Lakini pia usimwache bila kujua ni wapi leo. Programu kama Gramps, ambayo hailipiwi na inafanya kazi bila intaneti, inakubali mahali pamoja pawe na ukurasa wake. Unaandika Kisau mara moja, kisha unaiambia: kabla ya 1992 ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, baadaye ndani ya wilaya ya Makueni, na tangu 2013 ndani ya kaunti. Yenyewe itachagua kufuata tarehe ya tukio. Kama programu yako haina nafasi hiyo, andika ya zamani mahali pake, na ya leo uiweke kwenye maelezo.

Tatu, chagua tahajia moja na uishike. Mbooni iwe Mbooni siku zote, si leo Mboni na kesho Mbooni Hills. Kompyuta haina akili ya kujua kwamba ni kilima kile kile, itakupa mahali patatu. Kuhusu alama za Kikamba juu ya i na u, familia ikae na kukubaliana. Kama mnaziandika, ziandikeni kila mahali. Kama hamziandiki, zisionekane popote. Jina la pili, kama Masaku kwa Machakos, liweke katika nafasi ya majina mengine. Na kama kadi ya ubatizo imekosewa, usiisahihishe kimya kimya. Nakili kosa lile katika maelezo ya karatasi hiyo, ili mwingine akiiona aitambue.

Nne, usichanganye mahali pa kuzaliwa na pahali pengine. Sanduku la posta si mahali pa kuzaliwa. Watu wengi hapa wameandikwa Machakos kwa sababu tu barua zao zilipitia huko. Hospitali nayo ni kitu kingine. Mtoto akizaliwa katika hospitali mjini, aandikwe alizaliwa mjini, na nyumbani kwao kuandikwe kama makao. Na ubatizo uandikwe mahali ulipofanyika, kigango gani na parokia gani.

Tano, majina ya "kwa". Sisi Wakamba tunapenda kuita mahali kwa jina la mtu: kwa fulani mwenye duka, kwa fulani mwenye mwembe. Lakini mwenye duka atakufa, duka litauzwa, na mahali pataitwa kwa mtu mwingine. Usiliache jina hilo, ndilo wazee wanalojua. Ila lipe mashahidi: liko karibu na mto gani, chini ya kilima gani, upande gani wa shule. Vijana wenye simu, simameni hapo mchukue namba za ramani. Na muangalie sana, sisi tuko kusini mwa ikweta. Namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa au herufi ya kusini. Ukiisahau, utamzika babu yako kule Samburu au Marsabit, na ng'ombe za watu zitapita juu yake.

Sita, usiunganishe watu wawili mpaka umeuliza mama wa kila mmoja na mahali halisi alipozaliwa. Kosa langu lilikuwa hapo. Programu inauliza tu, wewe ndiwe unayejibu.

KUWAULIZA WAZEE

Msiende kwa susu na kumwuliza, "Ulizaliwa kaunti gani?" Alipozaliwa hakukuwa na kaunti. Atakutajia ile anayoisikia redioni ili usimsumbue. Muulize hivi: Mlikuwa mkichota maji mto gani? Mlipanda soko gani? Chifu alikuwa nani? Ng'ombe zililishwa upande gani? Kama vile tunavyotambua mwaka kwa njaa, Yua ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya 19, au Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, ndivyo tunavyotambua mahali kwa mto, kilima na chifu. Andika kwanza kama alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Kupanga ngazi na koma utafanya baadaye ukiwa nyumbani.

Na kama hakumbuki, usimsukume. Andika "Ukambani" basi. Hilo ni kweli, hata kama ni kidogo.

WALIO MBALI

Tuwafikirie pia watu wetu waliotawanyika. Wako waliokwenda Yatta, wako waliokwenda Shimba Hills kule Kwale, na leo wako watoto wetu walio Marekani na Uingereza. Hawa wa mbali ndio wanaotumia sana tovuti za ukoo, kama ile ya FamilySearch inayosimamiwa na Wamormoni. Ukiandika mahali huko, tovuti hukuletea orodha yake ya majina uchague. Si vibaya kuchagua, maana ndivyo wengine watakavyokupata. Ila yaache na maneno yako mwenyewe yaonekane. Orodha ile ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kupanda kilima cha Mbooni. Kama kijiji chako hakimo, usikubali kuandikiwa Kenya tu. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo akiona neno Kenya peke yake, amejua nini ambacho hakukijua?

MWISHO

Wapendwa, naomba kila jumuiya ifanye jambo moja kabla hatujaonana tena. Chukueni daftari la shilingi chache, mliite daftari la mahali. Kila jina la kijiji, mto na soko mnalolitaja katika historia zenu, liandikeni humo mara moja: tahajia yake mliyokubaliana, jina lake lingine, liko ndani ya lokesheni gani, na lilikuwa chini ya wilaya gani mwaka gani. Daftari hilo likae mezani, na yeyote anayeingiza habari katika kompyuta alifuate hilo, asifuate kichwa chake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mtu hupotea.

Yule mama mjane nilikutana naye tena baada ya orodha kusahihishwa. Nilikuwa na haya kumtazama. Nikamwonyesha karatasi mpya, nikamsomea: jina la mumewe, mwana wa nyumba ya kwanza, alizaliwa Kisau, Machakos, Koloni ya Kenya, na jina la mama yake chini. Hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe kwa kidole neno Kisau liko wapi. Akaweka kidole chake hapo, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Sasa amefika nyumbani."